Mlangilangi: Kutoka Nzuwani hadi Uani Kwetu

Ipo harufu ambayo mtu wa pwani huitambua hata akiwa amefumba macho, nayo ni harufu ya kikuba. Mrehani, asumini, mkadi na langilangi hukusanywa pamoja na kufungwa, kisha mwanamke akajipamba kwacho nyumbani kwake. Mji wa Kale wa Mombasa na mitaa ya Lamu imelelewa na harufu hii. Hata hivyo, siku hizi viungo vya kikuba hununuliwa kwa watu, kwani nyua nyingi zimegeuzwa vyumba vya kupangisha na miti yake imekatwa. Mrehani huridhika na mkebe barazani. Mlangilangi ni mti mzima, nao wengi wamekwisha kuukatia tamaa, wakisema kwamba nyumba ya mjini haina tena nafasi yake. Safari ya Visiwa vya Komoro imenionyesha namna nafasi hiyo inavyopatikana.

Komoro si ugenini kwetu. Habib Saleh, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, asili yake ni huko, na hadi leo ukoo na elimu vinatuunganisha na visiwa hivyo. Nilipofika Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzuwani, nilipita vichochoro vyembamba baina ya nyumba za mawe, wanawake wakipishana nami wamejitanda shiromani, na ngome kongwe ikiutazama mji kutoka kilimani. Lugha yao ni ndugu wa lugha yetu. Ukitega sikio vyema, nusu ya maneno utayaokota mwenyewe. Ukiuacha mji na kuanza kupanda milimani, harufu ya langilangi hukupokea kabla hujaliona shamba.

Nilipoyafikia mashamba yenyewe, miti ilikuwa mifupi. Mlangilangi ulioachwa ukue upendavyo hupita mita 15, na maua yake yakawa ya ndege na upepo. Wenyeji wa Nzuwani huukata shina kuu likiwa na urefu wa mita 2 hivi, kisha huyavuta matawi na kuyainamisha kuelekea ardhini. Mti hutanuka kama mwavuli uliopindana, na mikono ya mchumaji hulifikia kila ua bila ngazi. Wachumaji wengi ni kina mama. Hutoka alfajiri, wakati harufu ina nguvu, na huchuma ua lililokwisha kuwa manjano na kuota wekundu kidogo katika kitako cha petali zake. Ua la kijani huachwa, maana halijaiva na harufu yake ni hafifu.

Mti huu asili yake ni kusini-mashariki ya Asia, na jina lake limetoka katika lugha ya Kitagalog ya Ufilipino. Wafaransa waliupanda Komoro kwa biashara zama za ukoloni wao, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 visiwa hivyo vimeendelea kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Yapata kilo 50 za maua huhitajika ili ipatikane kilo 1 ya mafuta, nayo hutolewa kwa mvuke wa maji yanayochemshwa saa nyingi mfululizo. Moto huo hula kuni, na kuni hutoka msituni. Milima ya Nzuwani imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka. Utanashati wa mbali una gharama yake kwa mwenye mti.

Mlangilangi wa uani haudai moto wala msitu. Ua huchumwa na kutiwa katika kikuba, au likawekwa baina ya nguo kabatini, au likarowekwa katika mafuta ya nazi. Aidha, ni mti usiopukutika kwa msimu. Majani yake hudondoka kidogo kidogo na mengine huchipua, hivyo kivuli hubakia mwaka mzima, hata katika joto la kaskazi.

Mwenye nia na aanze na mche kutoka kitaluni, kwani mbegu huchelewa kuota na huota kwa kupishana. Wakati mwema ni mwanzo wa masika. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, mahali penye jua, mbali na birika, shimo la choo na msingi wa nyumba. Ukuta uukinge mti na upepo wa kusi, maana matawi yake ni mepesi kuvunjika. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vyema. Lamu samadi ya punda haikosekani, na wapo kina mama wanaoiogopa kwa sababu ya najisi. Samadi hiyo ni najisi kweli, na mkono ulioishika uoshwe. Lakini kinachomea juu yake ni tohara, wala ua lake halina shaka.

Maji ya kisima chenye chumvi yaepukwe. Yapo maji mengine yanayopotea kila siku katika nyumba zetu, nayo ni maji ya udhu. Watu watano wakitawadha mara tano, ndoo kadhaa hujaa. Maji hayo hayafai kutawadhia tena, lakini kwa mti ni riziki. Yakielekezwa shinani kwa mfereji mdogo, mche utapita kiangazi salama.

Mti ukikupita kimo, ukate kichwa na uyainamishe matawi kwa kamba na vigingi, kama wafanyavyo Nzuwani. Maua ya kwanza hutarajiwa mwaka wa pili au wa tatu. Kazi ya kupogoa isiachwe, kwa sababu inahusu haki ya jirani. Jani lidondokalo juu ya dari ya mwenzio huziba mlizamu na kuchafua maji ya birika lake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, tawi likivuka na kuingia katika anga ya jirani, mwenye mti hutakiwa aliondoe. Akikataa, jirani ana haki ya kulipinda, na lisipopindika, kulikata. Ni aibu kwa mti wa manukato kuleta uhasama ukutani, ilhali kisahani cha maua kikipelekwa nyumba ya pili asubuhi ya Ijumaa hufungua milango iliyofungwa kwa miaka.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandaye mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Langilangi si tunda la kuliwa na watu, lakini ua lisilochumwa huzaa vitunda vyeusi ambavyo ndege huvipenda. Basi mama anayechuma na aache tawi moja la juu bila kuligusa. Na wenye nyumba wanaojenga, kabla ya kuumiminia saruji ua wote, wabakishe hatua nne za udongo; mti uliopogolewa hauhitaji zaidi ya hapo.

Wabillahi tawfiq.