Pua mpya, mkia kipara

Wenye Altezza mtanisamehe, leo lazima niwaseme. Mshkaji wangu mmoja wa Kinondoni kaipamba ya kwake si mchezo: kaishusha, kaifunga rimu za inchi 18 na ekzosi inayoamsha mtaa mzima. Hela iliyobaki ikatosha tairi mbili tu. Fundi akamwambia weka mbele, ndiko kwenye usukani. Nyuma zikabaki zile zile, vipara.

Sasa sikia. Tairi yenye mifereji hutema maji, kipara huelea juu yake. Kwenye kona ya mvua pua inashika barabara na kukudanganya kwamba mambo safi, kumbe mkia unatafuta njia yake. Ndicho kilichomkuta masika kwenye kipilefti: gari likazunguka likaangalia lilikotoka. Mdogo wake alikuwa siti ya nyuma. Hakuumia mtu, ila yule dogo hapandi tena.

Pua ikiteleza, ukiachia mafuta taratibu mara nyingi gari linarudi. Mkia ukichomoka, wewe na mimi hatuna ubavu wa kuurudisha. Ndiyo maana tairi nzuri zinakwenda nyuma, hata kwa gari linalovutwa na tairi za mbele.

Na siyo stori za kijiweni. Toyota wenyewe waliwahi kusumbuliwa na MR2 ya 1989, ile yenye injini nyuma ya viti. Za mwanzo zilisifika kwa kutupa mkia ghafla, bila hodi. Baadaye wakarekebisha miguu yake, na tairi za nyuma zikatoka upana wa milimita 205 hadi 225. Za mbele? Zikabaki 195.

Wa Subaru Impreza nao wana yao. Injini imekaa mbele kabisa, ukiingia kona kwa pupa gari linataka kunyooka. Basi vijana wanafunga stabilaiza nene nyuma, na kweli pua inageuka. Lakini mshiko hauanguki toka mbinguni, jamani: unaukopa kwa mkia. Mkia wenye vipara utakukopesha nini?

Nimemwambia mshkaji azihamishe zile mpya ziende nyuma, kazi ya dakika chache tu. Anajibu eti zikiwa mbele ndiyo gari linatoka vizuri kwenye picha. Jumamosi anataka twende Bagamoyo, na mawingu ndiyo hayo. Mimi nitapanda basi.