Dirisha la Vipuri

Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanachuo juu ya methali isemayo haraka haraka haina baraka, na karibu katika kila insha alikuwamo mtu aliyelikimbilia basi akaanguka. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia habari za dirisha la vipuri katika kampuni ya magari. Huko ndiko methali hiyo hupimwa kwelikweli, maana kila afikaye pale ana haraka, na kila mmoja anaamini kwamba ya kwake ndiyo kubwa.

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu upande wa Iringa. Gari letu lililokuwa zima lilikuwa moja tu, Land Rover 109. Ndilo lililobeba mahindi, wakufunzi na, wakati wa masika, wajawazito waliozidiwa katika vijiji vya jirani. Mwezi Machi, wanachuo wakiwa wametawanyika kwa mazoezi ya kufundisha, klachi iliungua matopeni, yapata kilomita 60 kutoka chuoni. Fundi wetu alifungua sakafu na viti, akaitoa gia boksi kwa msaada wa vijana wa kijiji. Dereva akabaki kulala garini, lisije likavuliwa magurudumu. Mimi nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 500 hivi, pleti iliyoungua nikiwa nimeitia katika gunia. Fedha zilitoka kwenye mradi wetu wa nguruwe, kwa kuwa kampuni ile haikutaka hata kuiona hati ya manunuzi ya serikali.

Idara yao ya matengenezo ilikuwa na madirisha mawili ya vipuri. La mbele lilikuwa letu wateja, la nyuma la mafundi wa karakana yenyewe. Wengi walinung'unika kumwona fundi mwenye ovaroli akipewa kifaa papo hapo, ilhali wao wamesimama tangu saa mbili. Mimi sikuona kosa. Gari lililokwisha kufunguliwa juu ya shimo la karakana halisogezeki. Likikosa kifaa, linalizuia na lile linalongoja nyuma yake.

Mtunza stoo alikuwa kijana mpole. Swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa moja: "Gari linatembea au limelala?" Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye suti, ametaka kioo cha pembeni, anagonga kaunta kwa funguo na kutaja majina ya wakubwa. Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee, la kwako linatembea. Naomba unisubiri kidogo." Baadaye nilikuja kufahamu kwamba biashara ya magari ina daraja hilo hata katika kuagiza ng'ambo: kipuri cha gari lililolala huweza kuletwa kwa ndege kwa gharama kubwa, na vya kujaza rafu husafiri kwa meli.

Zamu yangu ilipofika nilidhani nitapewa pleti niondoke. La hasha. Aliisoma barua ya chuo, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Namba ya chasisi?" Nikampa. Akaomba ya zamani, akaitoa guniani na kuipima kwa rula, kwani Land Rover za zamani zilitumia pleti ya inchi 9, na za toleo la tatu kama letu inchi 9 na nusu. Nusu inchi hiyo huioni kwa macho ukiwa na haraka. Kisha akauliza, "Beringi ya klachi mmeitazama?"

Nilikuwa nimekwisha kuzihesabu fedha, na beringi haikuwamo.

"Gia boksi iko nje sasa, Mwalimu," akasema. "Beringi ikifa baada ya miezi miwili, mtafungua tena sakafu, viti na gia boksi yote kwa ajili ya kitu cha bei ndogo."

Watu wa nyuma wakaguna. Yeye hakuharakisha. Labda zilipita dakika kumi, nami nikazipima na kilomita 1,000 za kwenda na kurudi. Nikanunua vyote viwili. Fedha ya gesti haikubaki, nikaenda kulala kwa shemeji yangu Temeke.

Siku ya sita gari lilitembea. Kabla wiki haijakwisha lilimfikisha mama mmoja hospitali ya wilaya usiku, akafanyiwa upasuaji, yeye na mtoto wakapona.

Hivi leo mjukuu wangu hupiga picha ya kifaa kwa simu, akaituma Kariakoo, na mzigo hupandishwa basi la asubuhi. Ni jambo jema. Laiti tungekuwa nalo. Walakini mwezi uliopita aliletewa taa ya kushoto badala ya kulia, maana hakuna aliyemwuliza. Akanijia amefura. Nikamwuliza kama gari linatembea au limelala.

"Linatembea, Babu."

Basi nikamwambia akae tunywe chai.