Msumari wa Mzee

Juzi nilimfuata mpwa wangu Quartier Industriel, hapa Bujumbura, kwenye chumba cha michezo ambako vijana hulipia kwa saa. Alikuwa anacheza Battlefield 1, mchezo wa 2016 unaohusu Vita Kuu ya Kwanza. Akaniuliza bila kugeuka:

"Mjomba, jambaiya ni kitu gani?"

Jambaiya! Mtoto wa Buyenzi, kanyonya Kiswahili, leo analitamka jambia kana kwamba limeshuka na ndege.

Chumba kile nakijua. Kilikuwa duka la mzee mmoja mwenye asili ya Omani. Aliuza misumari kwa kilo, kamba za katani na tambi za taa. Ukiingia ulipokewa na harufu ya kamba na mafuta ya taa. Upepo ukigeuka, ikaja ile ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Brarudi, naye akaongeza ubani kwenye chetezo huku akinung'unika. Hakupunja mtu, wala hakumzidishia mtu hata msumari mmoja. Nyuma ya mizani alitundika kisu kilichopinda, ala yake ya fedha. Siku moja, mwaka 1974 nadhani, ingawa dada yangu anashikilia 1976, basi na iwe wake, nilimwomba nilishike lile jambia. Akanitazama kama niliyemletea noti bandia.

"Hii ni hanjari. Jambia ni la Wayemeni. Nenda kwao ukalishike."

Kwa hiyo nilikuwa na jibu. Kisu cha mpwa wangu kimo katika kifurushi cha silaha za mchezo kiitwacho Lawrence wa Arabia, afisa Mwingereza aliyevaa kanzu na jambia kiunoni alipokuwa na Waarabu wa Hijazi. Hao waliwaasi Waturuki Juni 1916. Hijazi, si Omani: hapo mchezo umepatia, mzee asingegomba. Kifurushi kingine kinaitwa Hellfighter, jina la kikosi cha 369 cha Wamarekani weusi wa Harlem. Panga lake, bolo, linanikumbusha Henry Johnson wa kikosi hicho, aliyepigana na Wajerumani kwa bolo mwaka 1918 bunduki ilipomkwamia. Alifariki 1929, nishani kuu ya nchi yake ikatolewa 2015.

Juni hiyohiyo ya 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, mji wetu huu. Wapagazi waliowabebea risasi hawana kifurushi.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, nikafurahi. Kisha akauliza kama jambia linaua haraka kuliko bolo.

Duka lilifungwa miaka ya tisini. Likawa depo ya simenti, likawa garaji, sasa ndiyo hivi: mapazia meusi, kelele, na hakuna anayemsalimia anayeingia.

Nilipoinuka kuondoka nilitazama ukutani. Msumari wa mzee bado upo. Wameutundikia waya wa televisheni.