Vazi la Mlimani na Vazi la Ziwani

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika safari niliyoifanya mwezi wa Juni uliopita, mgeni nilikuwa mimi, na aliyepona ni mimi vilevile. Nataka kuwasimulia, maana jambo lenyewe lahusu kila nyumba yenye vijana: ni jambo la mavazi ya kila siku.

Mji wa Mbinga, ambako ninafundisha madrasa, uko mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Songea, juu ya vilima vya Umatengo. Wamatengo wasifika kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima ili mvua isichukue udongo, na kwa kahawa, iliyoanza kulimwa huko katika miaka ya 1920. Mwezi wa Juni baridi ni kali. Mwenye kutawadha alfajiri huona maji yamng'ata vidole. Tena ni msimu wa kuchuma kahawa. Kila nyumba yatazamia fedha, na wauza nguo hufungua marobota ya mitumba gulioni.

Miaka miwili nyuma, katika msimu kama huo, mwanafunzi wangu mmoja wa kike aliingia darasani amevaa blauzi nyekundu yenye kumeremeta, kanga ya manjano yenye maua makubwa, sweta la mistari la kaka yake, na mtandio wa zambarau. Mwili wake ulisitirika wote. Hapakuwa na kosa lolote la sheria. Lakini mimi, badala ya kufundisha, nilicheka. Nikasema mbele ya wenzake kwamba leo amevaa duka zima. Darasa likaangua kicheko. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Alikuwa amefika juzuu ya nane. Baadaye nikasikia yuko Mbamba Bay kwa shangazi yake, ajifunza ushonaji.

Neno lile likakaa moyoni mwangu kama mwiba. Mwisho nikafunga safari.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambako ndiko makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni barabara ya lami ya kilomita 66 hivi. Lakini katika mwendo huo mfupi msafiri hubadili nchi. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Niliondoka nimevaa sweta, na juu yake koti zito la sufu, na kofia ya sufu kichwani. Gari likateremka kona baada ya kona, migomba na mibuni ikabaki nyuma, na hewa ikawa nzito. Mara ziwa likatokea chini yetu, limetanda buluu iliyokoza kama kaniki iliyoanikwa. Ng'ambo ni Malawi, na ukishika ufuko kuelekea kusini wafika Msumbiji.

Kaniki nimeitaja kwa sababu. Katika karne ya 19 misafara ya Kilwa ilifika ziwani humu ikileta kaniki na merikani, nguo nyeupe ya pamba kutoka Marekani. Ilirudi pwani na pembe za ndovu, tena na watumwa. Nguo nyingine zilivika watu, na nyingine zilinunua watu. Mwenye kuyakumbuka hayo hawezi kumpima binadamu kwa kitambaa alichojifunga. Nami, mwalimu mzima, nilikuwa nimempima mtoto wa watu hivyo hivyo.

Nilimkuta barazani kwa shangazi yake, mbele ya cherehani. Akasimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikajibu, "Marahaba, mwanangu." Jasho lilikuwa likinitiririka toka kofiani hadi kidevuni. Yule binti akanitazama, koti langu na kofia yangu ya sufu, katika jua lile la ufukoni ambako wavuvi walikuwa wakianika dagaa vifua wazi. Hakucheka. Kutocheka kwake kukanichoma kuliko kama angalicheka.

Shangazi akasema, "Karibu, Mwalimu. Vua koti kwanza, hapa siyo Mbinga."

Nilipokwisha kunywa maji, nikatazama vazi la yule binti. Alivaa gauni refu la pamba la rangi ya kijani iliyopoa, lenye mikono mipana ya kupitisha hewa, na ushungi wa rangi ya maziwa. Kanga ilikuwa kiunoni, ya kijani na maziwa, na ndani yake vidoa vyekundu. Vitu hivyo vilikuwa vya kawaida kabisa, navyo vilipatana kama watu wa nyumba moja. Nikamwuliza amejifunzaje.

Akanieleza taratibu. Kwanza, alisema, mtu aanze na kanga au kitenge chenye rangi nyingi, kisha nguo nyingine zote zichukue rangi zilizomo ndani yake. Kama kanga ina pindo la kijani, na mji wake una maua meupe, basi gauni liwe kijani na ushungi uwe mweupe. Kitu chenye maua kiwe kimoja tu, vingine vitulie. Pili, nguo iwe ya mahali: pamba nyepesi na pana ziwani, na huko mlimani sweta moja la rangi moja, lenye kukubaliana na kanga zote. Tatu, mtumba usinunuliwe kwa kumeremeta. Uinuliwe juani kuonekana palipochakaa, utazamwe kwapani na penye mishono, kisha upelekwe kwa fundi upunguzwe au uongezwe upindo, maana nguo rahisi iliyokaa vizuri mwilini hupendeza kuliko ya ghali yenye kuning'inia.

"Mimi nina magauni matatu, doti mbili za kanga na ushungi mbili," akasema. "Lakini nikizibadilisha, watu hudhani nina sanduku zima."

Hapo nikaona siwezi kuendelea kuuliza habari za rangi. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nilikucheka pale iliponipasa kukufundisha. Nisamehe."

Akainamia cherehani kwa muda. Kisha akasema, "Nilikwisha kukusamehe, Mwalimu. Lakini umeniomba hapa, mbele ya shangazi peke yake. Wale waliocheka wako Mbinga, nao bado wakumbuka."

Nikanyamaza, kwani alisema kweli. Aibu niliyoitandaza mbele ya watu arobaini nilitaka kuikunja mbele ya mmoja.

Ijumaa iliyofuata nikasimama darasani, nikawaeleza wanafunzi kosa langu, nami sikupunguza neno. Kisha tukafungua juzuu ile ile ya nane aliyokuwa ameiacha mwenzao. Ndani yake mna Suratul A'raf, ambamo Mwenyezi Mungu atukumbusha kwamba ametupa mavazi ya kutusitiri na ya kutupamba, na kwamba vazi la uchamungu ndilo lililo bora. Mambo mawili yamewekwa pamoja, sitara na pambo. Sisi wazazi na walimu twashika la kwanza kwa ukali na kuliacha la pili, kisha twashangaa vijana wetu wakijifunza pambo kwa wasiojali sitara.

Basi, enyi wazazi, mkimwona kijana amekosea rangi, msimcheke. Keti naye, mtandike kanga mkekani, mtazame pamoja rangi zake. Nanyi vijana, msingoje fedha nyingi. Nguo chache safi, zilizopatana, zatosha.

Nilipoondoka Mbamba Bay, yule binti alinipima kanzu ya pamba nyepesi. Majuma matatu baadaye akaileta Mbinga mwenyewe, na msahafu wake kwapani. Akaketi mahali pake pa zamani, akafungua, akaendelea kusoma alipoachia.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote na atupambe kwa tabia njema. Amin.