Tabora: waifai ya nani hii?

Kama hujawahi kukaa chini ya mwembe wa Tabora saa nane mchana, bado una safari mbele yako. Miembe ya pale si ya mchezo. Ni mikubwa, ina kivuli kizito, na wenyeji watakwambia kwamba ililetwa na watu wa misafara iliyokuwa ikipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nilikuwa nimejibwaga hapo na maji yangu ya baridi, natoka Kwihara, nje kidogo ya mji, nimesahau kabisa kwamba mimi ni mtu wa ofisi. Simu ikalia.

"Dada, kurasa za barua tunazisubiri usiku huu. Kesho asubuhi ni mtamboni."

Kurasa za barua unazijua. Ni zile unazozisoma kwanza kabla hata ya mitindo, usibishe. Watu wananiandikia mambo ambayo hata dada zao wa tumbo moja hawayajui: mume ana nyumba ndogo mtaa wa pili, mchumba kaficha mtoto, mama mkwe ana ufunguo wa chumba cha kulala. Gazetini tunabadilisha majina. Kwenye barua pepe yangu majina halisi yamo, na namba za simu zimo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, aibu peke yake ingenitosha.

Na ajabu ni kwamba huko Kwihara nilikuwa nimeshinda na habari za barua. Kuna tembe lililojengwa upya, lina kuta nene na paa bapa, mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Stanley ni mwenzetu wa magazeti, alitumwa na New York Herald. Alipofika Tabora mwaka 1871 alikuta furushi la barua za Livingstone limekwama, limeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa kwa vita vya Mirambo, kwa hiyo akazunguka kusini, furushi akalibeba, akalikabidhi Novemba 1871. Mwaka mzima! Inasimuliwa kwamba mzee aliliweka kwanza magotini, hakulifungua mara moja. Kisha Machi 1872 Stanley akaondoka Kwihara kurudi pwani na daftari la mzee, limefungwa kwa lakiri, lipelekwe kwa binti yake Agnes. Fikiria mikono yote iliyogusa mzigo ule. Aliyeufunga hakuwajua wote watakaoupokea njiani. Alitegemea lakiri.

Turudi kwangu. Jioni nikiwa nyumba ya wageni karibu na stesheni nikatoa kilaptopu changu. Baba watoto alikinunua kwa fundi, kimezeeka, kumbukumbu yake ni gigabaiti 2 tu. Windows ilikuwa inakifanya kihemee, akakiwekea Linux nyepesi iitwayo antiX. Siku anayoniletea nilikiita kopo, tena mbele ya shemeji zangu. Hakusema kitu.

Intaneti ya simu ilikuwa inasuasua mle chumbani, kwa hiyo nikatafuta waifai. Zikatokea mbili, majina yanafanana kama pacha, zote zinaanza na jina la nyumba ile. Nikachagua yenye nguvu zaidi. Ikaandika imeunganishwa, lakini hakuna kilichofunguka. Kwenye simu, ule ukurasa wa kuingilia hujitokeza wenyewe. Kwenye Linux nyepesi mara nyingi hautokei, unakaa unashangaa tu. Dawa yake ni kufungua kivinjari na kuandika anwani ya tovuti inayoanza na http isiyo na s mwishoni. Lango linaweza kuidaka hiyo na kukuonyesha ukurasa wake. Ikiwa na s, haiwezi kuidaka kimyakimya.

Ukurasa ukaja: weka barua pepe yako na nywila yake uendelee.

Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa njia. Misafara ikipita Ugogo iliwalipa watawala vitambaa na shanga, ikaachiwa. Nikaona hii nayo ni hongo ya kisasa, na nilikuwa nimeshaandika nusu ya nywila. Halafu nikajiuliza: mwenye njia anataka shanga, sasa huyu ufunguo wa nyumba yangu wa nini? Nikafuta, nikashuka mapokezi.

"Hiyo siyo ya kwetu, dada," kijana akasema. "Ya kwetu inaomba namba ya chumba tu."

"Sasa ni ya nani?"

"Hata sijui. Ipo tu."

Mwili ukanisisimka, jamani. Nikaingia kwenye ile nyingine, namba ya chumba ikakubali. Nafungua barua pepe ya ofisi, onyo kubwa: cheti cha usalama hakifai. Chini yake kuna kitufe cha kuendelea hivyohivyo. Saa nne kasoro usiku, mtambo unasubiri, kidole kiko juu ya kitufe. Nikampigia baba watoto.

"Usibonyeze," akasema. "Angalia saa ya laptopu."

Naangalia, tarehe 1 Januari 2010. Njiani chaji ilikuwa imeisha kabisa, na kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa kimekufa. Vyeti hivi vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa akili ya kopo langu cheti cha ofisi kilikuwa hakijazaliwa. Nikarekebisha tarehe kwa mkono, nikafungua upya. Kikufuli kikatokea, nikasoma na jina la anwani herufi kwa herufi, maana kikufuli peke yake hakikwambii uko kwa nani. Hapo mwenye waifai anaweza kujua nimekwenda tovuti gani, lakini barua haisomi.

Saa tano kurasa zimekwenda. Nikabadilisha nywila, nikaondoa zile waifai mbili kwenye orodha ili laptopu isizirukie yenyewe siku nyingine. Mambo ya benki niliyaacha mpaka kesho yake, nikayafanya kwa bando nikiwa nimesimama barazani.

Kabla ya kuondoka nilipita sokoni, nikanunua asali ya Tabora lita mbili na kibetri kipya kwa fundi saa. Asali ni ya baba watoto. Kibetri atakiweka mwenyewe, na safari hii shemeji zangu wakiwepo nitaongea tofauti.