Longonot: Kabla hujamzungusha mtoto mlimani

Likizo ikikaribia, wazazi wengi wa Nairobi na Nakuru huanza kutafuta pa kuwapeleka watoto ili waachane na simu kwa siku moja. Mlima Longonot, karibu na Naivasha, hutajwa mapema. Ni mwendo mfupi wa gari kutoka jijini, hauhitaji kulala hema, na picha zake mitandaoni humfanya mtu aamini kwamba hata mtoto wa chekechea anaweza kuumaliza.

Picha hizo nyingi hupigwa mahali pamoja: pale njia ya kutoka langoni inapofika ukingo wa shimo la volkeno. Hadi hapo umetembea kilomita 3.1. Mwanzo ni tambarare, pundamilia na twiga wakila kando, na watoto hukimbia mbele. Kisha njia inasimama wima, vumbi la jivu linakuwa jingi, na mazungumzo yanakatika. Ukifika juu, chini yako kuna msitu mzima umezungukwa na kuta za miamba, na hapa na pale mvuke unatoka kwenye nyufa. Ukigeuka unaliona Ziwa Naivasha. Mtoto aliyefika hapo amepanda mlima, usimwambie vinginevyo.

Mzunguko wenyewe ndio unaoanzia hapo. Ni kilomita 7.2 kuufuata ukingo hadi urudi ulipoanzia, kisha zile 3.1 za kushuka. Jumla inapita kilomita 13. Jina la mlima limetokana na neno la Kimaasai linalohusu wingi wa migongo na miinuko, na miguu italielewa upesi: unapanda, unashuka, unapanda tena, hadi kilele chenye mita 2,776. Mahali pengine njia ni nyembamba, kuna mteremko kulia na kushoto. Kwingine maji ya mvua yamechimba mifereji ambayo mtu mzima hupita kwa kujibana.

Na ukishafika nusu, hakuna njia ya mkato. Huwezi kukatiza shimoni, bodaboda haifiki, na kurudi nyuma ni mbali sawa na kuendelea.

Agosti iliyopita, upande huo wa mbali, niliikuta familia moja imeketi kando ya njia. Binti wao, wa miaka minane hivi, alikuwa ametapika na akilalamika kichwa. Chupa zao zilikuwa tupu. "Jikaze mwanangu, tumebakisha kidogo," baba yake alikuwa akimwambia, ingawa haikuwa kidogo. Wanafunzi waliokuwa wakipita waliwapa maji na pakiti ya ORS, wakamkingia jua kwa leso. Baada ya nusu saa aliweza kusimama, wakaondoka polepole. Mama yake alinishika mkono. "Dada, kule tulikoanzia aliniambia amechoka. Nikadhani anadeka."

Watoto hudeka, ni kweli. Lakini mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wetu, na akiwa kwenye mchezo husahau kunywa maji. Mlimani hakuna bomba wala kioski, na ukingoni kivuli ni haba. Kwa hiyo usingoje aseme ana kiu. Mpe mafunda machache kila baada ya dakika ishirini hivi, na umuulize alikojoa lini. Mkojo kidogo wenye rangi nzito, midomo mikavu, hasira zisizo na sababu au kichwa kuuma ni dalili za upungufu wa maji. Kizunguzungu na kichefuchefu vikiongezeka, simamisha safari: mtafutie kivuli hata cha leso, mlegeze nguo, mloweshe shingo na umpe ORS kidogo kidogo. Mtoto anayeongea mambo yasiyoeleweka au kuzimia anahitaji hospitali haraka, kwa hiyo wapigie maafisa wa KWS walio langoni. Chukua nambari yao kabla ya kuanza kupanda.

Mimi hubeba lita tatu zangu, na ningembebea mtoto si chini ya lita moja na nusu. Soda haihesabiki. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, maana msimu wa kiangazi vumbi la njia hiyo huingia hadi kwenye meno. Leso ya kufunika pua husaidia. Kofia ni lazima, hata siku ya mawingu, kwa sababu mko karibu na ikweta na juu kiasi hicho jua huunguza ngozi bila kukuonya. Viatu viwe vya kushika ardhi. Vile vya shule vyenye soli laini vitamtelezesha wakati wa kushuka, na magoti ya wazazi pia hujua habari ya mteremko huo.

Watu huniuliza umri unaofaa. Sitazami umri peke yake. Mtoto ambaye hajawahi kutembea kilomita kumi kwa siku moja, ningemwishia ukingoni. Aliyezoea, mkae kwanza nusu saa pale juu, ale ndizi au kiazi kitamu, anywe, kisha umuulize kama anataka kuendelea, na ulikubali jibu lake. Tatizo huwa ni sisi. Tumelipa kiingilio, tumelipa mafuta, na majirani waliuzunguka mwezi uliopita.

Mkishuka mapema, rudini kwa barabara ya Mai Mahiu. Baada ya mji huo, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, kuna kanisa dogo la Kikatoliki lililojengwa na mateka wa Kiitaliano waliotengeneza barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni dogo kweli, familia mbili tatu zikiingia limejaa, na kutoka kwenye gari hadi mlangoni ni hatua chache tu.