Maranda ya Keko

Nilipoutua mfuko wangu wa zana Keko, mwaka wa 1963, baada ya miaka 15 ya kutumikia mafundi wa watu Kariakoo, sikuwa na nia nyingine ila kuchonga vitanda, makabati na milango kwa riziki ya halali. Wala haikunipitikia kwamba kibanda kile cha mabati, kilichowaka kama tanuri kila adhuhuri, kingegeuka madrasa, na mimi, mzaliwa wa Mafia nisiye na elimu ila juzuu chache na darasa la nne, nikawa mwanafunzi wa mtoto wa miaka mitano.

Alikuwa mjukuu wangu. Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza mwaka wa 1977, lakini mlango wake uliwafungukia waliotimiza miaka 7, na mama yake akishinda kiwandani. Basi alishinda nami, ameketi juu ya maranda. Kwa utani wa babu na mjukuu nilimwita Fundi.

Siku moja uliletwa ubao wa mninga uliopasuliwa ungali mbichi, na kando ya gome utomvu mwekundu umeganda. Akauliza, “Babu, mbona unatoka damu?” Nikamwambia anyamaze, asinipotezee wakati. Jibu hilo halikuwa langu. Nililirithi kwa mwalimu aliyenichapa utotoni kwa kutaka kujua maji ya bahari yanapokupwa huenda wapi. Akanyamaza hata alasiri, na kimya chake kikanielemea kuliko ule ubao.

Kesho yake nilimwanza mimi: “Fundi, wadhani mti huu uliumia?” Akautazama kitambo, kidole kinywani. “Haukuumia. Umejipaka hina.”

“Kwa arusi ya nani?”

“Ya kitanda.”

Na kweli kitanda kile kilikuwa cha bibi arusi wa Chang'ombe.

Tangu hapo tukawa tunategana vitendawili, nikivitunga mkono ukisukuma randa. Nilimtega hiki: mlafi wangu hula mti kutwa, hashibi, na makombo yamenijaa miguuni. Nilikusudia msumeno, yeye akajibu mchwa, akanionyesha unga chini ya nguzo ya kibanda kuwa ushahidi. Kwa sharia ya vitendawili nilistahiki kupewa mji, lakini insafu haikuniruhusu kuudai, maana jibu lake lilikuwa bora kuliko langu. Mji nikampa mimi, nikampa Tabora, na kwa kuwa mwenye kupewa mji hana budi kusimulia alivyokwenda, tukapanda gari la moshi la reli ya kati, tukapishana njiani na mbao za mninga zikija pwani. Akataka kujua kama zimelipa nauli. (Siku hiyo nilikata mlango wa kabati ukapungua inchi mbili, na hasara ikawa yangu.)

Kisha akaniuliza mninga ukisimama una umbo gani, nami nikaona haya isiyo kifani. Miaka 30 nilikuwa nimeuranda mti huo, naijua harufu yake gizani, na vumbi lake limo kifuani mwangu hata leo. Lakini sisi wa Mafia tumekulia minazini, na mninga hai sikuwahi kuuona. Ningeweza kumzulia jibu, kama wakubwa tufanyavyo aghalabu, naye angaliamini. Sikuthubutu. Nilimwendea muuza mbao, nikamsihi, safari yake ya bara ijayo, aniletee chochote kilichoanguka chini ya mti huo. Akanicheka, lakini akaleta.

Lilikuwa tunda kavu, duara, upana wa kiganja cha mtoto, katikati lina miba kama kichwa cha mtu asiyechana nywele, na ubawa mwembamba kama karatasi umelizunguka pande zote. Fundi alilinusa, akalitikisa sikioni, akapanda juu ya benchi langu, akaliachia. Likashuka taratibu likizunguka, likatua juu ya maranda.

“Kitendawili,” akaniambia kutoka juu.

Nikaweka randa chini. “Tega.”